Kusoma Muyaka na Mwana Kupona: tuanzie wapi, na mizani ihesabiweje?

Msomaji wa Bara

Salaam wanajukwaa. Kikundi chetu cha usomaji kimemaliza riwaya na sasa tunataka kuingia kwa watunzi wa kale: Muyaka bin Haji wa Mombasa na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu. Karibu wote tumekulia bara, Kiswahili chetu ni cha shule na redio. Tumejaribu ubeti maarufu wa Muyaka kuhusu kimya, tukakwama kwenye mshororo wa kwanza tu. Kuna wanaohesabu mizani, yaani silabi, 18 na kuna wanaosema lazima ziwe 16. Maneno kama *wavyele*, *kumbuu* na *mtatile* tumeyatafuta kwenye kamusi sanifu bila mafanikio.

Naomba msaada wa mambo matatu. Mizani za tungo hizi zinahesabiwaje hasa? Msamiati tuutafute wapi? Halafu, historia ya mtunzi ina uzito gani katika kumwelewa? Maana kuna mwenzetu anayeona kila shairi la Muyaka ni la siasa ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na mwingine anaona Mwana Kupona aliandika waraka wa kumtii mume basi. Tunakutana kwa saa mbili kila mara, kwa hiyo nisaidieni pia kiasi cha kusoma kwa kikao kimoja.

---

Kina na Kituo

Mkuu, hongereni kwa uchaguzi huo. Tuanze na huo huo ubeti, maana una karibu kila kitu ambacho Muyaka atawadai:

*Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele*
*Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile*
*Kimya msikidharau, nami sikidharawile*
*Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya*

Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), na kila kipande kina mizani 8. Jumla ni 16. Msianze na mshororo wa kwanza, anzeni na ile isiyo na ubishi. *Ki-mya-cha-ta-ka-ku-mbu-u*: 8. *Vi-u-no-ni-m-ta-ti-le*: 8. *Ta-ha-dha-ri-ni-na-ki-mya*: 8. Sikio likishashika mwendo huo, rudini juu.

Mshororo wa kwanza ukiuhesabu kwa kanuni ya darasani, ukwapi wake unakuwa *ki-mya-ki-na-m-shi-ndo-m-ku-u*, yaani 10. Ndipo wenzenu wanapopata 18. Lakini shairi hili ni la kuimbwa na kughaniwa, na mghani humeza *m* zote mbili: *ki-mya-ki-na-mshi-ndo-mku-u*. Nane kamili. Sasa tazameni *mtatile* na *msikidharau*: humo *m* ni ya nafsi, ninyi, na inabeba mzani wake mzima. Ukiimeza unabaki na 7.

Msikimbilie kutunga kanuni kwamba *m* ya nafsi huhesabiwa na *m* ya ngeli humezwa. Muyaka huyo huyo ana mshororo huu: *Gongwa nda Mwana Mkisi, Mvita mji wa kale*. Ukwapi: *go-ngwa-nda-mwa-na-m-ki-si*. Utao: *m-vi-ta-m-ji-wa-ka-le*. Hapo *m* ya *mji* imehesabiwa, na ni ya ngeli. Kwa hiyo *m* ya ngeli ina hiari, na anayeamua ni mwendo wa mshororo. Njia ya kutenda ni hii: hesabuni kwanza vipande vitano au sita vilivyo wazi katika shairi, mjue kiasi, kisha kipande kinachozidi mkitafutie *m* ya kumeza. Kikipungua, tafuteni silabi ambayo chapa imeiangusha.

*Mb*, *nd*, *ng* na *nj* huenda pamoja na irabu inayofuata, hazisimami peke yake: *mbu-u*, *shi-ndo*. Irabu mbili zikifuatana ni mizani mbili. Lakini *mya*, *kwa*, *vye* ni mzani mmoja.

Kisha vina. Vya kati katika mishororo mitatu ya kwanza: *mkuu, kumbuu, -dharau*, vyote kwenye *u*. Vya mwisho: *wavyele, mtatile, -dharawile*, vyote *-le*. Ufike mshororo wa nne uone kinachotokea: ukwapi unaishia *mbele*, yaani kina cha mwisho kimehamia katikati, na utao unafungua sauti mpya, *kimya*, ambalo ndilo neno lililoanza kila mshororo. Ukighani kwa sauti, kituo, yaani mshororo huu wa mwisho, kinakupiga kabla hujakielewa. Mkiusoma ubeti huu kimoyomoyo mtapoteza nusu yake, kwa hiyo asiruhusiwe mtu kuanza kueleza maana kabla ubeti haujaghaniwa na wawili tofauti.

---

Rafu ya Juu

Nichukue la msamiati, maana hapo ndipo vikundi vingi hukata tamaa mapema.

Kamusi sanifu haiwezi kuwasaidia sana kwa sababu msingi wake ni Kiunguja, na Muyaka ni wa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mnachohitaji ni kamusi ya Johann Ludwig Krapf iliyotoka London mwaka 1882. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Muyaka anakadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840. Maana yake, maneno aliyoyakusanya Krapf pale na Rabai ni ya watu waliomsikia Muyaka akiwa hai. Tahajia yake si ya leo, basi neno likikosekana jaribuni herufi jirani kabla ya kusema halipo. Ya pili ni ya padre Charles Sacleux, Paris, 1939. Ufafanuzi uko kwa Kifaransa, lakini karibu kila neno lina alama ya lahaja, ndiyo faida yake kubwa: unajua kama ni la Amu (Lamu), Mvita (Mombasa), Unguja au Ngazija (Komoro).

Maneno yenu: *wavyele* ni wazazi, wakubwa waliotutangulia. *Wambavyo* ni waambavyo, wasemavyo. *Kumbuu* ni mshipi wa kitambaa wa kujifunga kiunoni, wa mtu anayejiandaa kwa shughuli nzito. *Mtatile* ni mmejizungushia, mmejifunga. Ubeti sasa unafunguka: kimya ni jambo la kukabiliwa na watu waliojifunga vibwebwe.

Mambo machache ya lahaja yakishikwa yanafungua robo tatu ya diwani. La kwanza ni *-ile* mwishoni mwa kitenzi, ambayo ni hali timilifu: *mtatile* ni mmetata, *sikidharawile* ni sikukidharau. La pili, pale Kiunguja kina *ch*, Kimvita mara nyingi kina *t*: *mato* ni macho, *matozi* ni machozi, *mtele* ni mchele, *kitwa* ni kichwa. La tatu, *nj* ya Kiunguja huwa *nd*: *ndia*, *ndaa*, *ndoo*. La nne, *nda* ni "ni ya": *Gongwa nda Mwana Mkisi*, yaani Gongwa, jina la kale la Mombasa, ni ya Mwana Mkisi, malkia wa masimulizi anayehesabiwa mwasisi wa mji.

Angalizo kuhusu hiyo *t*. Kimvita kina *t* mbili, moja ulimi unagusa meno, nyingine ulimi unapanda kwenye ufizi. *Kuteka* ya kwanza ni kucheka, ya pili ni kuteka maji. Chapa ya kawaida haizitofautishi. Mkikuta mtu "anateka" na hakuna kisima karibu, mjue kwa nini.

Matoleo sasa. Hakuna mswada wa mkono wa Muyaka mwenyewe. Tungo zilikaa vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, alipozikusanya kwa wazee na kuziandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor katika miaka ya 1880. Makaratasi hayo yakaishia London. William Hichens akayahariri, na Diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chenye mashairi, tafsiri na maelezo marefu ya jamii ya Mombasa. Kwa kikundi chenu ningeanza na hicho cha Abdulaziz, kwa sababu maelezo yake yanatoka kwa mtu wa Mombasa anayeijua lahaja kwa kuzaliwa nayo.

Kwa nini njia hiyo ndefu iwahusu? Kwa sababu herufi za Kiarabu za zamani hazikuwa na alama za *p*, *v*, *g* wala *ch*. Mwandishi alitumia *ba* kwa b, p na hata mb. *Fa* kwa f na v. *Ghaini* kwa g na ng. *U* na *o* zilishiriki alama moja, *i* na *e* vivyo hivyo. Andiko moja laweza kusomwa *bata*, *pata* au *mbata*. Kila neno mnaloliona kwenye chapa ni uamuzi wa mtu. Mkikuta neno lisiloingia akilini, jaribuni kubadilisha b kwa p au mb, f kwa v, o kwa u, mzani ukibaki uleule. Mara nyingi neno sahihi hujitokeza.

Nakala za kuokoteza mtandaoni ziepukeni. Wanaozinakili hubadilisha *mato* kuwa *macho* wakidhani wanasahihisha, na hapo kina kinakufa: ubeti uliokuwa na *-to* unabaki kilema.

---

Binti Siyu

Kwa Mwana Kupona, nina neno na mwenzenu anayesema ni waraka wa kumtii mume tu.

Tuanze na umbo, kwa sababu ni tofauti na la Muyaka. Huu ni utendi: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina cha bahari kinachorudi ubeti hadi ubeti, hapa ni *-a*. Matoleo yanayosomwa sana yana beti 102. Kwenye miswada ubeti mzima huandikwa kwenye mstari mmoja wenye vipande vinne. Vitabu ndivyo vilivyozoea kuvipanga kwenda chini.

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

Hesabuni: *ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti*. *N* ya *binti* inasimama peke yake, tofauti na *ngu*. Mkiifunga mnapata 7. *Upulike* ni usikie, *asa* ni huenda, *sanati* ni miaka: karibia binti yangu, mchanga wa umri, sikia wasia, huenda ukauzingatia.

Ubeti wa pili unaeleza kila kitu kuhusu hali ya mtunzi:

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

*Lema* ni jema, kwa Kiamu na Kipate, lahaja za Lamu na Pate. Mama anaumwa kwa mwaka mzima. Ni mjane: mumewe, Bwana Mataka, shehe wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, aliyepambana miaka mingi na utawala wa Unguja, alifariki 1856. Utendi umetungwa 1858, na yeye mwenyewe alifariki miaka michache baadaye. Binti ni Mwana Hashima. Kwa hiyo anayesema ni mtu anayehesabu muda uliobaki, katika nyumba iliyompoteza mkuu wake.

Ubeti wa tatu una somo zuri la sauti:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia*

*Ndoo mbee* ni njoo mbele. Mkikuta chapa yenye *nda mbee*, hesabuni, mtakuta mizani 7, basi rudisheni *ndoo*. Halafu kina: *-si, -si, -thi*. Chapa imelinda tahajia ya Kiarabu, lakini kina kinadai *hadisi*. Mghani asome *hadisi* bila wasiwasi. Na angalieni kinachotajwa: wino na karatasi. Binti anaambiwa aketi na kalamu. Katika mazungumzo ya kawaida kuhusu utendi huu, mara chache sana utasikia mtu akiutaja ubeti huo, nami naona ni kosa kubwa, kwa sababu unatuonyesha mama anayetunga na binti anayeandika, katikati ya karne ya 19.

Mafunzo yenyewe yanaanza na dini, kisha ulimi na adabu mbele za watu, ndipo yanafika kwa mume, na sehemu hiyo ni ndefu kweli, hakuna sababu ya kuipunguza. Baada yake anawaombea jamaa na Waislamu, na anamwomba Mungu amponye. Mkisoma dondoo za vitabu vya shule mtapata sehemu ya mume peke yake. Someni beti zote 102 kwa mpangilio wake, hata kama zitachukua vikao saba, halafu ndipo mbishane.

Toleo: la Alice Werner na Hichens ni la 1934. J. W. T. Allen aliuhariri upya katika mkusanyo wake wa tendi wa 1971, akionyesha pale miswada inapotofautiana. Hilo la Allen ndilo la kutumia, kwa sababu linakuwezesha kuona uamuzi wa mhariri badala ya kuumeza.

---

Msomaji wa Bara

Shukrani sana, Mkuu, na wewe Dada. Hiyo ya kumeza *m* imemaliza ubishi. Imebaki siasa. Tutajuaje kwamba shairi fulani la Muyaka ni la vita na si la mapenzi? Na kiasi cha kikao je?

---

Rafu ya Juu

Wekeni kalenda fupi ukutani. Vita vya Shela, Mombasa na Pate dhidi ya Amu, ni kati ya 1812 na 1813. Bendera ya Waingereza ya Kapteni Owen iko Mombasa 1824 hadi 1826. Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, anaushambulia mji mara kadhaa kati ya 1828 na 1833, na 1837 anauchukua. Wakuu wa Mazrui wanakamatwa na kusafirishwa. Muyaka aliyapitia yote hayo akiwa upande wa Mazrui.

Shairi liwekeni kwenye kalenda hiyo kama tu lina kitu cha kulishikilia ndani yake: jina la mji (Gongwa, Mvita, Amu), jina la mtu, au dalili kwamba linamjibu mtu, kwa mfano majibizano na Bwana Zahidi Mngumi wa Amu. Hayo ya kujibizana msiyasome kamwe upande mmoja. Beti za mpinzani lazima ziwepo mezani, kwani mara nyingi Muyaka huchukua neno la mwenzake na kuligeuza.

Ubeti wa kimya hauna mji wala jina. Mwenzenu anaweza kuusoma kama onyo kwa watu wa Mombasa, na usomaji huo unawezekana, lakini asiseme ndivyo ulivyokusudiwa. Muyaka alitunga pia kuhusu ndoa, fedha, marafiki na ugumu wa maisha. Ukiyageuza yote kuwa vita, unampoteza mtu aliyelitoa shairi kwenye mambo ya dini peke yake na kulileta barazani.

Jambo moja la kuangalia kwa wote wawili: Hichens ndiye mhariri wa Diwani ya Muyaka, ni mmoja wa wahariri wa Mwana Kupona wa 1934, na ndiye aliyehariri Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwaka 1939. Mkiona tungo tatu zinafanana kwa tahajia au kwa namna ya kuelezwa, ulizeni kwanza kama mfanano ni wa watunzi au wa mhariri.

---

Kina na Kituo

Kiasi: kwa saa mbili, beti nne za Muyaka au kumi na tano za Mwana Kupona. Zaidi ya hapo mtakuwa mnakimbia. Chapeni beti zikiwa na nafasi pana kati ya mishororo, pigeni mstari wima baada ya mzani wa nane. Robo saa ya kwanza ni kughani na kuhesabu tu. Kisha kila ubeti uandikwe kwa nathari ya Kiswahili cha leo, sentensi kamili, na kila mtu aandike wake kabla ya kusikia wa mwenzake. Tofauti kati ya nathari hizo ndizo zitakazowaonyesha neno gani bado halijaeleweka. Kamusi ifunguliwe hapo, si mapema, la sivyo mtakwama kwenye neno la tatu mpaka muda uishe. Historia iachieni nusu saa ya mwisho.

Kama Kimvita na Kiamu vitawalemea mwanzoni, kikao cha kwanza someni Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert. Yeye ni wa Tanga, alizaliwa 1909 na kufariki 1962, na aliutunga kwa ajili ya binti yake kwa umbo lile lile la mizani 8 kwa kila kipande. Lugha yake mtaielewa bila kamusi, kwa hiyo sikio litapata kazi ya mizani na vina peke yake. Wiki inayofuata fungueni Mwana Kupona, muweke wasia wa baba na wa mama kando kwa kando. Muyaka awe wa tatu, na mwanzo wake uwe huo huo ubeti wa kimya, kwa kuwa mmeshaanza kuuhesabu.